Mabega Mawili Chini

Mama mkwe wangu alikuja kunitazama akiwa na khanga mpya na kuku wawili wa kienyeji kwapani, na mimi nikamdaka kifundo cha mkono, nikamvuta, nikaingiza bega chini ya mbavu zake tayari kumwinua. Sikukusudia. Nilikusudia kumpa mkono kwa adabu, macho chini, kama mkwe aliyelelewa vizuri. Kuku walitoroka wakatapakaa ukumbini, na kama Elipendo asingepiga yowe, "Ntandu, pumua! Legeza!", leo ningekuwa mwanamume wa kwanza Singida nzima kumpiga mweleka mama mkwe.

"Nisamehe mama," nilisema nikimwachia. "Siyo mimi. Ni kivuko."

"Kivuko," alirudia, akijifunga khanga upya. "Haya. Mungu akuponye, baba."

Zaituni, mke wangu, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka. Elipendo naye hakucheka, na Elipendo ni mwanamke ambaye kicheko chake hakihitaji kusukumwa. Alikuwa ndiye mtaalamu wa viungo aliyenifundisha upya hata kushika kijiko. Alikikodolea macho kibao chake cha kioo, pale mistari ya misuli yangu inapojichora, kwa uso wa mtu aliyenusa moshi ndani ya nyumba na hajui unatoka chumba gani.

Mimi ni Ntandu wa Ilongero. Misimu saba katika Ligi ya Kanda ya Kati sikuwahi kuwekwa mgongo. Nasema bila kujisifu. Au tuseme nasema kwa kujisifu kidogo, maana wakati ule nilikuwa sina kingine cha kujisifia.

Katika ligi yetu hakuna pointi. Pambano linaisha mabega mawili yakigusa mchanga, basi. Anayewekwa mgongo habanduki pale alipo. Analala hivyo hivyo, chali, macho juani, na watu wa upande wa mshindi wanapita mmoja mmoja kumwangushia kifuani chembe za mchanga. Tunaita kuzikwa. Hakuna anayekufa, kesho yake unakunywa chai kama kawaida, lakini nimeona majitu ya kilo mia na kumi yakilia pale chini kama watoto walioachishwa ziwa. Ndiyo maana mtoto akija kambini jambo la kwanza hafundishwi kushika wala kutupa. Anafundishwa daraja: kichwa ardhini, visigino ardhini, mgongo hewani, na hata jabali likikulalia, hushuki. Wanamieleka wa ligi hata kitandani hawalali chali. Waulizeni wake zao.

Siku niliyovunjika, Gwau wa Mkalama aliniinua juu ya kichwa chake na kunishusha. Nilijua mabega yanakwenda kugusa. Nikajenga daraja. Uzito wake wote ukaja juu yangu, na shingo yangu ikalia kama muwa unaovunjwa gotini. Mwamuzi hakupiga kipenga cha ushindi, kwa sababu mabega hayakuwa yamegusa. Nililazwa kwenye machela nikiwa siwezi kutikisa hata kidole, na ndani yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi.

Kivuko niliwekewa baadaye. Ni utepe laini, mwembamba kuliko ukucha, unaolazwa juu ya pale ugwe wa mgongo ulipokatika. Upande wa juu unasikiliza kichwa kinasema nini, upande wa chini unapeleka habari kwa misuli, na unarudisha habari za mguso juu. Ila ujumbe unaofika pale ni mchache na umechakaa, kwa hiyo kivuko hakisubiri kisikie sentensi nzima. Kinakisia. Na ili kikisie, lazima kiwe kimejifunza tabia ya mwenye mwili. Mwendo wa mtu mwingine hakikubali. Waliwahi kujaribu, wagonjwa wakawa wanatetemeka kama waliopandisha mashetani. Watu wengi huanza na kivuko kitupu na kukifundisha kwa miaka. Wengine hutembea. Wengine huishia kusogeza mkono mmoja wakashukuru.

Mimi nilikuwa na bahati, au niliambiwa hivyo. Ligi ilikuwa ikituvalisha fulana za nyuzi katika mazoezi na mapambano, zinazorekodi kila msuli ulivyokaza. Misimu saba ya mwili wangu ilikuwa imehifadhiwa. Wakaimimina yote kwenye kivuko. Kabla alizeti haijavunwa nilikuwa nimesimama, na watu walikuja na kamera kunitazama nikivuka uwanja wa Nyumba ya Mwendo, kituo nilikolazwa, chini ya mitambo ya upepo inayozunguka juu ya majabali. Muujiza, waliandika.

Hakuna aliyekumbuka kwamba fulana zile tulizivaa ulingoni tu. Kivuko changu hakikuwahi kuniona nikimpa mtu mkono, wala nikimbeba mwanangu. Kilijua kazi moja.

*

Siku ya pili baada ya mama mkwe na kuku wake, alikuja Siwema.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu na alikuwa hajaniona nimesimama tangu nilipoumia. Zaituni alimshusha getini, na mtoto akanitazama, akatazama miguu yangu, akahakikisha kwamba kweli ni miguu, halafu akakimbia. Nilifungua mikono. Elipendo alikuwa hatua chache nyuma yangu.

Siwema hakuja kwenye mikono. Ni mfupi, alikuja alipofikia. Alinikumbatia magoti kwa nguvu zake zote na kuegemeza kichwa pajani.

Mwanamieleka yeyote atakwambia hiyo ni nini. Hiyo ni kushikwa miguu miwili, na anayeshikwa hivyo ana nusu ya kufumba jicho kabla ya kwenda chini. Kivuko kilikisia. Kiuno changu kilirudi nyuma, miguu ikachomoka, nikapoteza ardhi na kwenda chali. Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa nimefundishwa kuanguka, miezi na miezi, Elipendo akinishusha taratibu kwenye godoro: kidevu kifuani, mgongo mviringo, mabega yapokee. Nilikuwa naanguka vizuri hata yeye akinipigia makofi. Lakini pale uwanjani shingo yangu ilikaza, kichwa kikarudi nyuma, visigino vikachimba kokoto, na mgongo wangu ukapanda hewani.

Nilitua kwa utosi. Nilikuwa nimevaa kola ngumu ya shingo, na kola ile ilipasuka.

Nikabaki hivyo, daraja zuri la kufundishia, nikiangalia dunia juu chini: majabali, mapanga ya upepo, viatu vya mke wangu vikija mbio. Siwema alikuwa amekaa kokotoni, hajaumia, ameshangaa tu.

"Baba anacheza," alisema.

"Shuka," Elipendo alisema kwa sauti ya chini, akipiga magoti kando ya kichwa changu. "Ntandu, shuka."

"Nashuka," nilisema. Nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa najiambia shuka, shuka, na mwili haukushuka. Ilibidi Elipendo aingize mikono chini ya shingo yangu na kuniongelesha kama punda aliyekwama hadi mapigo ya moyo yaliposhuka, ndipo mgongo nao ukashuka.

Niliogopa. Ulingoni nilikuwa nasema sijui woga. Siku ile niliujua.

*

"Nataka kukifuta," Elipendo alisema.

Tulikuwa ofisini kwake, dirisha wazi, na Zaituni alikuwa amekaa karibu yangu akimlaza Siwema mapajani.

"Kufuta nini?"

"Yote. Misimu saba. Kibaki kitupu, tuanze moja."

"Nitalala tena."

"Utalala tena."

"Na nikishalala, nitaamka lini?"

Elipendo hakunipamba. Hiyo ndiyo iliyonifanya nimheshimu tangu mwanzo, na ndiyo iliyonifanya siku ile nitamani kumrushia kiti. "Sijui," alisema. "Miaka mitatu, minne. Pengine mkono tu. Pengine hata huo usije."

"Basi hapana."

"Ntandu, nisikilize. Wewe kwenye godoro unaanguka vizuri kwa sababu kivuko kinajua ni mazoezi. Moyo umetulia, jasho hamna, hakuna hofu. Kinakuachia. Ukishtuka kweli, kinaona ni pambano, na kwenye pambano hujawahi kukubali mabega yaguse. Hata mara moja. Hakina mfano wa wewe kushindwa. Unaelewa? Nimepekua rekodi zote. Hakuna."

Nikaona aibu kidogo kwamba moyo wangu ulivimba kwa fahari aliposema hivyo.

"Utajikwaa bafuni," aliendelea. "Utateleza kwenye matope. Mtoto atakukumbatia. Safari ijayo hutakuwa na kola, au itapasuka vibaya zaidi, na pale juu ya kidonda cha zamani ukivunjika hutalala tu. Hutapumua. Uhai wako ukiwa hatarini nina mamlaka ya kukizima, unajua. Sihitaji ukubali."

"Ungefanya hivyo? Unizime kama taa?"

Nje mtu alikuwa akimfundisha mgonjwa mwingine kuhesabu hatua. "Sipendi," alisema hatimaye. "Mwili ni wako. Lakini siwezi kukuruhusu uende nyumbani ukafie bafuni mimi nikijua."

Zaituni akasema, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. "Baba Siwema. Kuna msemo, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Hiyo wanaimba walioshindwa."

"Basi jifunze kuuimba." Alimfunika Siwema kwa khanga. "Mimi niliolewa nawe hulali chali, nikazoea. Ukilala usiinuke tena, nitazoea pia. Kukuzika hasa, mchanga wa kweli, hapo usiniambie nizoee."

Ni hapo wazo lilipokuja, na lilikuwa wazo la mwanamieleka, maana mimi akili nyingine sina.

"Hakina mfano wa mimi kushindwa," nilimwambia Elipendo. "Kipe mmoja."

*

Gwau alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili, ya tatu akaja. Aliingia ukumbini amejikunyata, jitu lote lile, ameshika kofia mkononi kama aliyekuja msibani.

"Kaka, mimi siwezi," alisema hata kabla ya salamu. "Tangu siku ile sijamshika mtu. Nikiinua gunia nasikia ule mlio."

"Hukunivunja wewe. Nilijivunja mwenyewe."

"Wanasema hivyo."

"Ndivyo ilivyokuwa. Ungekuwa wewe pale chini ungefanya nini?"

Sote wawili tulijua jibu.

Elipendo alimweleza kazi, polepole, mara mbili. Sakafu nzima ya ukumbi ingewekwa magodoro ya ulingo. Mimi ningetembea. Gwau angetembea karibu yangu, na wakati atakaoamua yeye, bila ishara, angenitupa. Kumtupa mtu kwa huruma kusingefaa, kivuko kingejua. Kola nayo isingefaa, kwa sababu kola huuambia mwili kwamba ni mazoezi. Lazima kiamini ni pambano. Na katikati ya pambano hilo, mimi, kwa hiari yangu, kutoka juu, ningetuma ujumbe ambao hakijawahi kuupokea: acha yaguse. Kikiusikia kwa nguvu mara moja, na mwili ukaufuata, kingekuwa na mfano. Kutoka kwenye mfano mmoja tungefundisha mwingine.

"Na kisipousikia?" Gwau aliuliza.

Elipendo alionyesha kiganja chake. Palikuwa na swichi ndogo nyeusi, kubwa kama kifungo cha koti. "Nakata. Mwili wake unalegea wote papo hapo, anaanguka kama gunia, shingo haikazi. Atapona." Akanigeukia. "Ila nikikata katikati ya nguvu kubwa namna ile, kivuko kinaungua. Hakitengenezeki. Tutakitoa tuweke kingine, na pale mahali pataruhusu kimoja tu tena. Ama tukijaze misimu yako saba urudi hapa hapa tulipo, ama kiwe kitupu."

"Kwa hiyo usikate," nilisema.

"Nikiona daraja linajengwa, nitakata."

"Ukiona kichwa kimegusa."

"Kichwa kikigusa nimechelewa!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. Akavuta pumzi. "Visigino. Nimetazama rekodi zako mpaka naziota. Kabla ya daraja, kila mara, visigino vinachimba kwanza. Vikichimba, nakata. Kubali hivyo au tuache."

Nilitaka kubishana. Nilitaka kumwambia kwamba kati ya visigino kuchimba na mgongo kupanda kuna nafasi, ndogo, lakini mtu anaweza kugeuza nia ndani yake. Lakini niliuona uso wake, na nikajua ameshatoa yote anayoweza kutoa. Mtu mwingine angekuwa ameshanifuta zamani na kulala usingizi.

"Visigino vikichimba," nilisema, "kata."

*

Nilitembea. Ukumbi ulikuwa mkubwa, na jua la asubuhi liliingia kwa madirisha ya juu likajilaza kwenye magodoro. Shingo yangu bila kola ilikuwa nyepesi na baridi. Nyuma yangu nilisikia nyayo za Gwau, nzito, zisizo na haraka. Elipendo alisimama ukutani, kiganja amekikunja. Zaituni alikuwa nje; alisema hawezi kutazama, na hawezi kuondoka.

Tulizunguka. Tukazunguka tena. Jasho lilianza kunitoka mgongoni. Mara mbili nilisikia pumzi ya Gwau ikibadilika, nikajua sasa hivi, na hakuna kitu. Nilipomtazama kwa jicho la pembeni alikuwa ananiangalia shingo.

Hangefanya. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Na kama angefanya kwa woga, angenishusha kama yai, na yote yangekuwa bure.

Basi nikafanya nilichojua kukifanya vizuri zaidi baada ya kupigana. Nilimchokoza.

"Gwau," nilisema bila kugeuka. "Watu wa Mkalama bado wanasema ulinishinda?"

"Sijui wanasema nini, kaka."

"Wanasema. Nimesikia kuna mpaka wimbo. Sasa nikuulize, mabega yangu yaligusa?"

Nyayo zake zikasita.

"Hayakugusa. Misimu saba hakuna aliyeniweka, na wewe hukuniweka. Ulibakiwa na kiwete kwenye machela ukajiita bingwa. Mimi nilivunjika shingo na bado hukuniweka mgongo! Mtu amekatika ugwe, hana mkono hana mguu, na Gwau wa Mkalama na nguvu zake zote za uji wa uwele ameshindwa kumlaza..."

Sikumaliza. Alinijia kama ng'ombe dume.

Mkono wake ulipita katikati ya mapaja, mwingine ukanishika shingo kwa nyuma, na ardhi ikaondoka. Aliniinua kweli. Nilisikia hasira katika mikono yake, hasira safi ya mshindani, na moyo wangu ukaruka, na kivuko kikaamka chote. Niliyasikia magodoro yakija kabla sijayaona. Shingo ikakaza. Miguu ikafunguka kutafuta ardhi. Kila kitu ndani yangu, misimu saba na utoto wote kabla ya hapo, kilikuwa kinasema neno moja tu: panda.

Na mimi nikasema hapana.

Sijui nieleze vipi. Hakuna msuli wa kufanyia jambo hilo. Nilitaka kushindwa. Nilitaka kwa moyo wangu wote, kama nilivyowahi kutaka kushinda, zaidi hata. Nilitaka yaguse, Gwau aniweke, watu wapite na mchanga wao, sijali. Visigino vilichimba, navisikia mpaka leo, vilichimba, na mimi nikaendelea kutaka, nikavisihi viache, na ilikuwa kama kuna kitu kilikuwa kinafunguka polepole kwenye shingo...

Halafu umeme ukakatika. Kuanzia shingo kwenda chini, sikuwa na mwili.

*

Niliona dari, na uso wa Gwau, kisha uso wa Zaituni uliofika bila mimi kusikia mlango. Gwau alikuwa akirudia, "Kaka, kaka, kaka." Nilikuwa napumua. Shingo iliuma uumaji wa kawaida. Mikono yangu ilikuwa mahali fulani lakini si kwangu.

"Amekata," nilisema.

"Amekuokoa," Zaituni alisema. Alimgeukia Elipendo aliyekuwa amepiga magoti kando yetu na kibao mapajani, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, dada. Mungu akubariki wewe na uzao wako."

Elipendo alikuwa anatazama kibao. Alikuwa anairudisha nyuma rekodi, anaiacha iende, anairudisha.

"Visigino vilichimba," alisema.

"Najua," nilisema. "Nilivisikia."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

Pangeishia hapo. Nataka mjue kwamba pangeweza kuishia hapo, na kila mtu ukumbini angekuwa salama ndani ya nafsi yake: mimi mtu niliyeshindwa na mashine, yeye mtu aliyeniokoa. Mke wangu alikuwa bado amemshika mkono akimbariki. Ila kulikuwa na swali moja, na sikutaka kuliuliza, na niliuliza.

"Yaligusa?"

Elipendo aliutoa mkono wake taratibu kutoka mikononi mwa Zaituni.

"Mama Siwema, usinishukuru," alisema. Kisha akaniangalia mimi, machoni. "Yaligusa, Ntandu. Mabega yote mawili."

"Baada ya kukata. Nilianguka kama gunia."

"Kabla. Visigino vilichimba, ukavigeuza. Vilikuwa vimeshaanza kulegea. Mgongo ulikuwa unashuka wenyewe, na mabega yakagusa, na kivuko kilikuwa kinakufuata. Ulikuwa umekwisha kukifundisha." Aliiweka swichi sakafuni. "Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kubonyeza. Ningesubiri kidogo tu, ungeinuka hapo ulipo ukatembea."

Gwau alikaa chini kwenye godoro na kufunika uso.

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti, na sikuweza hata kujifuta. Zaituni ndiye aliyenifuta. Nililia kwa ajili ya miguu yangu. Na ndani ya kilio hichohicho palikuwa na furaha, sijui niiite nini kingine, kwa sababu ilikuwa ni mimi. Nilipotaka, ilikuwa ni mimi, na mwili ukanisikia. Nilikuwa nimefanya jambo gumu kuliko yote ya maisha yangu, na mkono ulioliharibu ulikuwa wa mtu pekee aliyeliona.

"Kwa nini umeniambia?" nilimuuliza.

"Kwa sababu umeniuliza."

"Ungeweza kusema yaligusa baada ya kukata."

"Ningeweza."

Nilimtukana. Nilitumia matusi ya kambini, yale ambayo mke wangu hakuwahi kuyasikia kinywani mwangu, kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, hadi pumzi ikaniishia. Elipendo aliyapokea yote akiwa amepiga magoti. Nilipomaliza nikamwambia atoke.

Alisimama, akachukua kibao chake, akaenda. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Elipendo."

"Naam."

"Hicho kingine. Waambie wasikijaze. Kitupu."

"Sawa."

"Kitachukua muda gani?"

"Nimeshakwambia. Sijui."

"Na nani atanifundisha?"

Alishika fremu ya mlango. "Utakayemtaka. Kuna wataalamu Dodoma, wazuri. Nitawapigia leo."

Nilitazama dari. Niliwataka hao wa Dodoma. Nilimtaka mtu yeyote duniani asiyekuwa yeye, na nilijua kwamba kila nitakapouona uso wake nitauona mkono ule, labda hadi nizeeke. Lakini huko mbele nilikokuwa nakwenda, miaka bila mwili, kila siku ningehitaji kuuliza kama kidole kimesogea au nimekiota tu, na jibu nisingeweza kulihakiki mwenyewe. Yeye tu nilijua asingenidanganya.

"Rudi ukae," nilisema.